Chenso ya Ipyana na Magogo ya Kanisani

Igowole,
Mufindi, Iringa.
Jumatatu, 8 Septemba 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Andendekisye, mume wangu mkubwa,

Huna adabu. Nimeanza hivyo ili usije ukasoma salamu, ukafurahi, halafu karatasi ukaiacha juu ya meza. Nani alikufundisha kukicheka kitu ambacho hujakigusa hata kwa kidole? Ulimpigia mdogo wako Ipyana simu, yeye akafungulia sauti ili na mimi nikusikie, na nilichosikia ni hiki: "Hiyo chenso ni ya kuchezea watoto. Kopi hiyo, itakupasukia mikononi. Muuzie mtu wa kuni, uje huku nikutafutie kazi." Ukacheka. Na mkeo Happy nilimsikia anacheka kwa nyuma, mwambie nina masikio. Ipyana hakula siku ile. Nilipika ugali na majani ya maboga yenye karanga, akaviangalia tu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Haya, sasa nakusalimu. Ugonile, tata. Umeamkaje huko Dar es Salaam? Joto linakutendeaje? Happy hajambo? Brayson kikohozi kimeisha, au bado mnamlaza chini ya feni kama samaki wa kukausha? Mvalisheni fulana. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanigomea asubuhi kwa ajili ya baridi, likipata jua linanyamaza. Mahindi tumevuna, maharage yako ndani, ng'ombe amezaa jike jeusi lenye doa usoni. Kaburi la baba yenu Anyelwisye nimelipalilia, halina nyasi hata moja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikifikia neno lenyewe, unasema, "Bibi, mtandao." Karatasi haina mtandao. Na mwandiko huu ni wangu mwenyewe, wa kisomo cha watu wazima, sikumwomba mtu. Ukiona herufi imelala, ujue mkono ulichoka, akili haikuchoka.

Sasa nikuambie habari ya hiyo mashine ya kukatia miti uliyoitukana.

Ipyana aliinunua Mbeya, alipokwenda kumsalimia shangazi yenu Esnath pale Iyunga. Alikuwa amebeba magogo ya paina ya watu msimu mzima, bega limeota sugu. Akaingia dukani akaonyeshwa mbili. Moja ile halisi ya Mjerumani, ambayo bei yake ukiisikia unaomba kiti. Nyingine rangi ileile, umbo lilelile, ila jina la ubavuni ni jingine. Na yule muuza duka hakumdanganya, Mungu ambariki. Alimwambia, "Kijana, hii ni kopi. Spea za ile kubwa zinaingia hapa. Ukienda nayo taratibu utazeeka nayo. Ukiikimbiza kama punda, itakufia shambani." Mdogo wako akaichukua huku anajua. Hakuibiwa, hakupumbazwa. Wewe ndiye ambaye hukujua.

Alipofika nayo hapa hakukimbilia kuionyesha watu. Aliiwasha uani, akaiacha ikiunguruma polepole, akaizima, akaipumzisha. Kwanza matawi, halafu vipaina vyembamba. Kila jioni anakaa na tupa ananoa jino moja moja. Nilimwambia hata mke hujamtunza hivyo. Akanijibu, "Nileteeni huyo mke, bibi, nimtunze." Huyo ndiye uliyemwita mjinga.

Jambo lilikua kubwa kwa ajili ya kanisa. Unaikumbuka ile milingoti mikubwa, mikaratusi ya nyuma ya kanisa, iliyopandwa kabla baba yenu hajazaliwa? Upepo wa mwezi wa tatu uliiangusha mitatu. Ikalala palepale panapotakiwa kujengwa darasa la watoto. Matawi watu walishachukua kuni, yamebaki magogo, na kiangazi chote hiki jua limeyakausha mpaka shoka likipiga linarudi lenyewe. Mwenye mashine ya kuyaweza ni Mzee Eliezeri, mzee wa kanisa, ile yake halisi. Kila Jumapili akiulizwa anasema, "Wiki ijayo." Wiki ijayo yake haina Jumapili.

Basi siku ya mavuno, ibada imekwisha, tuko nje kwenye mnada. Maboga yameuzwa, majogoo yameuzwa, mkungu wangu wa ndizi umegombaniwa vizuri. Mwinjilisti Nashoni akauliza nani atatoa ahadi ya kuyakata yale magogo. Wanaume wazima wakaanza kutazama viatu vyao kama wanavinunua leo. Nikasimama. Nikasema, "Mjukuu wangu Ipyana ana mashine. Atayakata yote matatu."

Vigelegele vikapigwa. Ipyana alikuwa na wanakwaya wenzake. Alinitazama kama nimemuuza mnadani pamoja na majogoo.

Njiani akaniambia, "Bibi, ile mashine ni ya kuni na vipaina. Yale ni magogo ya mashine ya Mzee Eliezeri."

Nikamwambia, "Umeshaahidi."

"Umeahidi wewe!"

"Mdomo wangu na wako ni wa nyumba moja. Tembea, jua linazama."

Sijutii, na usinitazame hivyo. Lakini wewe umezaliwa hapa, unajua ahadi ya siku ya mavuno ikoje. Asiyeitimiza, jina lake linasomwa mbele ya watu Jumapili hadi Jumapili: fulani aliahidi, bado. Ukisomwa hivyo kijijini hapa, nani atakuita ukamkatie miti yake? Hakuna. Ipyana angebaki na njia moja tu, kupanda basi akufuate wewe huko. Nilijua hilo, naye alijua, na mashine ikiwa na masikio nayo ilijua. Ndiyo maana nakuandikia yote, usome ulichotaka kutuharibia.

Jumamosi iliyopita watu walijaa kama msibani. Wanakwaya wamekuja, kina mama wamekuja na chai na viazi, na Mzee Eliezeri amekuja na mashine yake mgongoni. Akakaa juu ya gogo la kwanza, akaitazama ile ya Ipyana.

"Kamwene, Mama Anyelwisye," akasema. "Hiyo ya mjukuu wako ni ya kukatia mchicha?"

Nikamjibu, "Kamwene, mzee. Leo utakula mchicha wa mlingoti. Ondoa makalio hapo, panakatwa."

Watu wakacheka, naye akacheka, kwa kuwa si mtu mbaya, ni mvivu tu. Akasema ngoja awaonyeshe kwanza. Akawasha yake, ikaitika papo hapo, akakata kipande cha kwanza. Sitakuficha, ile ni mashine. Inaingia kama kisu kwenye papai. Alipomaliza akajifuta mikono, akakaa.

Ipyana akavuta kamba, ikakohoa. Akavuta tena, ikakohoa. Vijana wakaanza kunong'ona. Uso sikuubadilisha, nikawa namenya kiazi. Akarekebisha kitu pembeni, akavuta tena, ikaamka. Sauti yake ni nyembamba kuliko ya Eliezeri, inalia kama mbuzi. Lakini alipoiweka juu ya gogo ikabadilika, ikawa nzito, na ikaanza kula.

Andendekisye, babu yenu alikuwa mpasuaji wa mbao kwa mikono, yeye juu ya jukwaa na mwenzake chini, msumeno katikati. Nimekaa miaka mingi nikimpelekea togwa na kumsikiliza. Msumeno butu unatoa unga. Msumeno mkali unatoa chembe nene. Nikainama pale chini nikazoa kinachotoka kwenye ile kopi. Zilikuwa chembe nene kama mchele wa Madibira. Nikazifungia kwenye kitenge. Ilikwenda polepole kuliko ile ya Mzee, ndiyo. Lakini haikusimama, haikuruka, haikuomba radhi. Gogo la kwanza likawa vipande kabla chai haijapoa yote.

La pili ndilo lililotutia joto. Lile lilikuwa limelala kwenye kibonde, kichwa kimeshika kule, kitako huku, katikati pananing'inia. Ipyana akaanza juu. Ilipofika karibu na nusu, gogo likakaa chini lenyewe likaubana msumeno kama mlango. Mashine ikazima.

Sasa hapa petu kila mwanamume ametokana na babu aliyepasua mbao kwa mikono, na msumeno wa mkono ukinasa unajulikana dawa yake: wanaume wanaushika wanauvuta. Basi wakaruka wote. "Vuta! Sukuma! Vuta tena!" Mmoja wa kwaya ameshashika mpini. Na Mzee Eliezeri mwenyewe ameshika nyuma, amekaza miguu.

Ipyana akapiga kelele, "Toeni mikono! Wote! Na wewe mzee, toa!"

Huyo Ipyana ambaye hata kuku hamfukuzi kwa sauti. Watu wakaganda. Mzee Eliezeri akaachia kama ameshika kaa la moto. Mdogo wako akatoa spana mfukoni, akalegeza nati za ubavuni, akauchomoa mwili mzima wa mashine, akaacha lile bapa la chuma na cheni yake humohumo ndani ya gogo. Akavua koti lake, akailaza mashine juu yake, huko mbali na miguu ya watu. Halafu akachonga kabari kwenye tawi, akaipigilia juu pale palipokatwa, na kwaya akawapa mti mrefu wainue kutokea chini. "Besi wote huku," akasema, "soprano mkae mbali, mtanipigia kelele." Wakainua. Mdomo wa gogo ukafunguka kidogo. Akalishika bapa kwa vidole, akalichomoa. Limenyooka. Halina hata kikunjo.

Mzee Eliezeri akalichukua akalitazama kwa jicho moja, kama mtu anayetazama fimbo. Akasema, "La kwangu la kwanza nililivuta. Lilipinda kama mundu." Na hakukaa tena chini. Tangu hapo alisimama karibu na Ipyana akimshikia kabari.

Lililobaki Ipyana alilikata kutokea chini kwenda juu, lisibane tena. Mimi sikujua kwamba mashine inaweza kukata kuelekea mbinguni. Sasa najua.

La tatu ndilo baba yao. Nilisimama kando yake likanifika kifuani, na mimi si mfupi. Bapa la Ipyana likizama lote halifiki upande wa pili, linapita katikati kidogo tu. Kwa hiyo alikata upande mmoja, akazunguka akakata upande mwingine, akitafuta mkato ukutane na mkato ndani ya kiza cha mti. Ile mashine ilichoka, sitasema haikuchoka. Ilipata moto mpaka ukiisogelea unasikia joto usoni. Watu wakasema, "Malizia, malizia, imebaki kidogo!" Ipyana akaizima. Akaifungua, akapiga mswaki kichujio chake cha hewa kwa mswaki wa meno, akaongeza petroli aliyochanganya mwenyewe na oili, akakaa akala kiazi. Watu wanalalamika, yeye anatafuna. Hapo ndipo nilipomjua kuwa ni mwanamume.

Alipoiwasha tena iliitika mara moja. Ikaingia ikilia, chembe zinaruka zinamjaa viatuni. Halafu tukasikia mti unalia ndani, kaa, kaa, kaa. Ipyana akaruka nyuma. Gogo likaachana, kipande kikajiviringisha, ardhi ikatikisika mpaka vikombe vya chai vikagongana. Mlingoti uliopandwa na wazee, umeshindwa na kitu ulichokiita cha kuchezea watoto! Nilipiga kigelegele mpaka goti likapona kwa muda.

Usidhani nasifu kama kipofu. Ile mashine ina makosa yake na nimeyaona. Ikilala inavuja oili, lazima uiwekee kitambaa kama mtoto. Inakunywa petroli kama mlevi wa ulanzi siku ya mnada. Skrubu moja ya kifuniko ilitoroka kwa mtikisiko, tukakifunga kwa waya. Na kwa kazi ya kila siku kutwa nzima kwenye magogo ya namna ile, sijui, labda itakufa mapema. Eliezeri angeyamaliza yote matatu akarudi kula kwake mchana. Sisi tulimaliza jua limeelemea. Lakini yake tangu mwezi wa tatu haikuwahi kufika pale kanisani, na hii ilifanya kazi. Mimi nasifu inayofanya kazi.

Mwinjilisti akaomba, akaishukuru hata kampuni asiyoijua. Na Mzee Eliezeri akamshika Ipyana bega mbele ya watu wote. Akasema, "Kopi imekata, nimeona kwa macho yangu. Lakini hata mashine yangu ungempa mtu mwingine hapa, lile la pili lingemshinda." Halafu akamwambia ana kazi ya kukata milingoti ya wenye mashamba kuanzia huku mpaka upande wa mashamba ya chai, na peke yake haimalizi, ndiyo maana kila mtu anamwambia wiki ijayo. Anamtaka Ipyana wafanye pamoja. Yeye magogo makubwa, Ipyana ya kawaida, na likija la kunasa wasaidiane. Waanze Jumatatu ijayo.

Nikarudi nyumbani naimba. Nikaingia chumbani kwa mdogo wako kumpelekea maji ya kuoga, nikamkuta anakunja nguo anaziingiza kwenye begi.

Nikamuuliza, "Unakwenda wapi na watu wamekushangilia?"

Akasema, "Bibi, ahadi yako nimeitimiza. Sasa kaka ameniita."

"Na kazi ya Mzee Eliezeri?"

"Sikumjibu. Nitamjibu nini? Baba hayupo, kaka ndiye baba. Nikikaa bila ruhusa yake, siku nikiugua au nikioa, nitasimama mbele ya nani?"

Nilitaka kumgombeza, nikaweka ndoo ya maji chini nikaacha. Kwa sababu amesema kweli. Ndivyo tulivyowalea. Aliyeita ndiye anayeruhusu. Mimi ni bibi, mke wenu wa utani, nikisema "baki" anacheka ananipa sukari. Neno hilo silo la kwangu, ni la kinywa chako.

Usidhani namtaka kwa ajili ya kuni na maji. Kuni naokota, maji bomba liko mlangoni. Ninachokuambia ni kwamba kijana huyu amepata mahali pake pa kusimama, na watu wamemwona akisimama. Huko kwako atauza vocha kivulini na kuambiwa na kila mtu asogee. Na nyumba hii, nikibaki mwenyewe, si nyumba tena, ni stoo yenye bibi ndani. Nimesema, sirudii, na usimwambie mtu kwamba nimesema.

Najua ulimwita kwa upendo. Uliogopa chuma kimkate, na wewe ndiye uliyemshika mkono tulipomzika baba yenu. Sijasahau. Ila sasa mkono ule uachie.

Msalimie Happy, mwambie nimemsamehe kicheko chake nusu, nusu nyingine akija. Mbusu Brayson kwenye utosi. Wasalimie majirani wanaokuvumilia. Shangazi Esnath anakusalimu kutoka Iyunga, anasema umemsahau. Mwinjilisti Nashoni anakusalimu, na Mzee Eliezeri pia, anasema ukija likizo atakuketisha juu ya gogo akufundishe. Mungu Kyala akulinde barabarani, akupe usingizi, akupe na masikio. Barua hii na gunia dogo la maharage nimempa Isakwisa wa basi, mshukuru, usimpe maneno makavu.

Begi bado liko mlangoni, halijafungwa zipu. Jumatatu ijayo Mzee Eliezeri anapita hapa asubuhi na mashine yake. Kwa hiyo ukifika mstari huu usiikunje karatasi, usiwashe televisheni, usimwulize Happy. Chukua simu, mpigie Ipyana, si mimi, na umwambie kwa sauti ya baba yake kwamba abaki akate miti.

Ni mimi mkeo mzee anayekupenda hata akikugombeza,

Bibi Atuganile